Haragwe Nililolivusha Mto

Malaba, mpakani
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa dada yangu mkubwa, Wakesho,

Zipokee salamu zangu ukiwa umekaa, maana najua goti lako halipendi kusimama, na barua hii si ya kusomwa ukiwa umeinamia sufuria. Hilo goti limepunguza kuuma? Ile dawa ya kupaka niliyokutumia unaitumia, au umempa jirani kama ulivyompa blanketi? Mvua imefika Mwatate au bado mnaangalia mawingu yakipita kwenda kwa wenzenu? Mimi mwili ni mzima. Meno yote yapo isipokuwa lile ulilonitoa wewe kwa uzi na mlango, na bado naweza kubeba gunia la mahindi na mwenye gunia akiwa amekaa juu yake. Muulize mtu yeyote wa Malaba.

Lakini si hayo yaliyonifanya nishike kalamu. Mwanao Mghoi ameniambia kwamba ulisimama kanisani wakati wa matangazo ukasema ndugu yako Maghanga sasa ni mwalimu wa historia, na watu wakapiga makofi. Dada, nakuandikia kuhusu hayo makofi. Ningepiga simu, lakini wanijua nikishika simu. Simu ikinisikiliza mimi huongeza. Kalamu ni nzito, inanichosha kabla sijafika kwenye uongo.

Basi, nilivyokwambia kwamba nimeitwa kufundisha, haikuwa hivyo hasa. Mimi ni mlinzi wa geti. Tangu lile trela nililokuwa tanboi wake, utingo wa dereva, lifie hapa kwenye foleni na tajiri wake aliuze lilipolala, nimekuwa getini kwenye shule ndogo ya mabati, nyuma ya mahali malori yanapongoja kuvuka kwenda Uganda. Nafungua, nafunga, napiga kengele. Watoto wananiita Anko, kama wanavyowaita walinzi wote.

Muhula uliopita mwalimu wa Masomo ya Jamii alipata kazi ya serikali huko Angurai, akaondoka katikati ya wiki bila hata kufuta ubao. Madam, ambaye ndiye mwalimu mkuu na ndiye mwenye shule, akaniambia, "Anko, kaa na gredi ya sita wasipige kelele. Usiwafundishe kitu, wanyamazishe tu."

Dada, mimi na kunyamaza wapi na wapi.

Nikawaambia watoto jinsi nilivyolala chini ya trela pale Tsavo, simba akaja akanilamba nyayo, akaona chumvi imezidi, akaenda zake. Wakataka nyingine. Nikawaambia kwamba Wazungu walipokuja kupima mpaka huu, aliyeshika kamba alikuwa babu yetu, waliyemtoa Mwatate kwa miguu kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine mwenye mkono usiotetemeka. Alipofika hapa mtoni vumbi likamwingia puani, akapiga chafya, kamba ikacheza, na ndiyo maana mpaka umepinda hapa Malaba mpaka leo. Watoto walicheka hadi mabati yakalia.

Kuna msichana mmoja hakucheka. Anaitwa Amoit, mwembamba, ana sauti ya mtu mzima na daftari lililofunikwa kwa gazeti. Akainua mkono. "Anko, babu yako alipopiga chafya, Mzungu alisema nini?"

Miaka yote nimekula kwa hadithi hiyo, nimeisimulia kutoka Mariakani mpaka hapa, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nikamwambia Mzungu alisema afya. Akaandika.

Nikageuka nikaona Madam yuko dirishani. Nikajua kazi imeisha. Lakini Madam akasema tangu Jumatatu hajaletewa kesi ya mtu kupigana kutoka gredi ya sita, basi niendelee mpaka apate mwalimu, ila nishike kitabu. Hapo ndipo nilipokupigia simu kukwambia nimekuwa mwalimu. Na usinione mjinga, dada, nilikuwa mwalimu mzuri. Hakuna aliyechelewa somo langu. Wengine walikuja na malaria zao.

Sasa kitabu kilikuwa na sura ya historia ya familia. Nikaisoma mara tatu nikaona haina simba. Nikampigia Mghoi wako, kwa kuwa yeye amesomea ualimu kwa vyeti. Akaniambia, "Mjomba, nakuomba, kwa mara moja tu usiwaambie kitu. Watume wakaulize wazee nyumbani. Wao ndio walete, wewe uandike." Njia ya kisasa, akasema. Nikaifuata neno kwa neno, na usimwambie alikosea kunishauri, kwa sababu hakukosea.

Nikawapa swali moja: baba wa babu yako amelazwa wapi? Nilichagua kaburi kwa kuwa huku ni kama kwetu. Ukitaka kujua mtu ni wa wapi huombi kitambulisho, unauliza watu wake wamelala wapi. Na hawa watu wa huku, Wateso na Wasamia, wako pande zote mbili za mto, shangazi huku, mjomba kule, ng'ombe asubuhi ni wa Kenya na jioni ni wa Uganda. Nikasema watoto watajionea wenyewe mpaka ni kitu gani.

Dada, laiti ungeona madaftari yaliyorudi. Mmoja babu mkubwa wake yuko Namboboto, karibu na shamba la muhogo. Mwingine yuko chini ya pale matrela yanapoegeshwa, na nyanya yake bado huenda kumsalimia katikati ya magurudumu. Wengi walikuwa ng'ambo ya mto. Amoit yeye alileta kurasa nne.

Alikuwa amemkalisha nyanya yake, anayewauzia madereva njugu na mahindi ya kuchemsha pale barabarani, akamuuliza mpaka nyanya akachoka. Babu mkubwa alikuwa wa upande huu. Hata mkuyu ambao alichinjia ng'ombe wa harusi chini yake bado upo. Mwaka mmoja baada ya kuvuna wimbi alivuka mto kwenda kunywa ajono kwa wakwe, ile pombe yao ya kukaa duara kila mtu na mrija wake, na siku ya pili akafa huko huko, mrija ukiwa mdomoni. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha juu milimani. Mto ulifunika mawe yote ya kuvukia. Wakangoja siku nne na maiti, mto hautaki. Mwishowe wazee wakasema azikwe pale pale shambani kwa wakwe, kichwa kikitazama huku kwake, akae kama mgeni mpaka maji yapungue waje wamchukue. Maji yakapungua. Hakuna aliyekwenda.

Nilisoma kurasa hizo nikiwa getini, nikasahau kumfungulia Madam.

Basi nikataka watu waone kazi yangu. Nikanunua karatasi kubwa ya manila, nikachora mto Malaba kwa buluu, huku Kenya, kule Uganda, na kila mtoto nikampa haragwe moja alibandike kwa gundi pale babu mkubwa wake alipolala, na jina chini yake. Ilipendeza ikatisha. Ukiitazama kutoka mlangoni ungedhani mtu amemwaga maharagwe na mto umepita katikati.

Siku ya wazazi tuliibandika ukutani. Mgeni wa heshima alikuwa naibu chifu wa upande wetu. Madam akataka watoto waimbe tu, mimi nikasimama bila kuitwa. Nilikuwa nimevaa lile koti la baba. Nikaeleza ramani kwa fimbo, haragwe kwa haragwe, kisha nikamwita Amoit mbele asome. Akasoma kwenye maikrofoni bila kutetemeka: "Baba wa babu yangu amezikwa ng'ambo." Maneno ya mto kufurika yalikuwa kwenye ukurasa wa tatu, na mimi nilimkatiza kwenye wa kwanza, kwa sababu nilikuwa na mengi ya kusema kuhusu babu yetu na ile kamba. Watu wakacheka, wakapiga makofi, kama hayo yako ya kanisani. Naibu chifu akaniambia kazi nzuri, mwalimu, akatoa simu akaipiga picha ile karatasi.

Mwalimu. Aliniita mwalimu mbele ya watu, dada. Nilitembea na hilo neno wiki mbili.

Baada ya hizo wiki mbili, Madam akasema majina ya gredi ya sita yanakwenda kusajiliwa kwa mtihani, na asiye na cheti cha kuzaliwa hasajiliwi. Amoit hakuwa nacho. Alizaliwa nyumbani, na mama yake yuko Nakuru akifua nguo za watu. Nyanya yake akaenda kwa naibu chifu kutafuta barua ya kumthibitisha, maana kule Busia kwenye ofisi ya vyeti hawakushughulikii bila barua hiyo. Ni kitu kidogo, kila mtu huandikiwa. Lakini huko juu serikalini kulikuwa na maneno kwamba watu wa ng'ambo wanajipatia vyeti vya huku, na machifu wanaulizwa. Naibu chifu akamwangalia, akatoa simu, akamwonyesha karatasi yangu. Akamwambia, "Mama, watu wako wamelala kule. Nenda wakuandikie barua kule."

Huyo mama alikuja getini na kikapu chake cha njugu kichwani. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwalimu, hiyo karatasi ulikuwa unamwandikia nani?"

Tukaenda Busia sisi wawili, tukapanga foleni kutoka asubuhi, na kwenye dirisha wakatuambia vile vile, turudi kwa naibu chifu wetu, yeye ndiye anayewajua watu wake. Tukarudi. Na mama akasema vizuri, kesho tutakwenda kwake pamoja, nitamweleza habari za mto polepole, yeye si mtu mbaya, mama yake alizaliwa ng'ambo.

Dada, sasa fika hapa usome taratibu, kwa sababu hapa ndipo ninapotaka kuruka.

Asubuhi ile, kabla mama hajanipitia, niliingia darasani peke yangu. Nikaibandua ile karatasi ukutani. Nikalitoa haragwe la Amoit kwa kucha, nikalitia gundi upya, nikalivusha mto. Nikalibandika upande huu, karibu na reli. Nikapuliza likakauka. Sikumwambia mama. Nilifikiri, mimi Maghanga, niliyemwambia askari wa mizani pale Mariakani kwamba gari limezidi uzito kwa sababu ya huzuni ya dereva, akacheka akatuachilia, nitashindwa na naibu chifu mmoja?

Tulipoingia ofisini hata hatujakaa vizuri nikakunjua karatasi mezani. Nikasema mheshimiwa, siku ile ya wazazi palikuwa na makosa ya gundi, mtoto aliteleza mkono. Tazama mwenyewe. Babu mkubwa amelala huku huku, karibu na reli, nimeliona kaburi lake kwa macho yangu, hata nimeling'olea nyasi.

Naibu chifu akatazama karatasi. Akatoa simu akatazama picha. Akaviweka pamoja.

"Mwalimu," akasema, "kaburi hili limetembea."

Nikafungua mdomo kuongeza jambo. Mama akanitangulia. Alikuwa amejipanga kusema ukweli na akausema, wote, kama nilivyokuandikia hapo juu: ajono, mto, siku nne, kichwa kutazama huku. Alisema vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia akisimulia, na mimi nimesikia wengi. Hata karani wa mezani aliacha kugonga muhuri.

Alipomaliza, naibu chifu akasema, "Mama, ungekuja peke yako na maneno hayo na wazee wawili, ningekuandikia. Sasa niandike nini? Mwalimu wa mtoto ananiambia kaburi liko relini na amelipalilia. Wewe unaniambia liko ng'ambo na mto ulifurika. Wakubwa wakiniuliza, nimeamini lipi?"

Nikamwambia amwamini mama, mimi nilikuwa nadanganya. Akanitazama kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Akasema, "Mzee, wewe ndiye yule ambaye babu yake alipiga chafya. Nakupenda, hata nyumbani nimewasimulia. Lakini sijui lini unadanganya na lini umeacha."

Tukatoka nje. Palikuwa na jua kali na malori yamejipanga mpaka kusikoonekana. Nikangoja mama anitukane kwa Kiteso au kwa Kiswahili, lugha yoyote. Aliweka kikapu chini, akakisawazisha kitambaa, akasema, "Mtu tukitaka kumhamisha kaburini tunaita ukoo, tunachinja, tunapika pombe, tunamwambia mwenyewe kwamba tunakuja kumchukua. Familia yetu yote tulishindwa kwa miaka. Wewe umemhamisha baba mkwe wangu kwa ukucha, hata kuku hukumchinjia."

Akakibeba kikapu akaenda zake.

Nilijaribu, usidhani nilikaa. Nilikwenda kutafuta wazee wawili. Mmoja ndiye anayemkumbuka yule marehemu, na hasikii wala hatembei. Wa pili akasema atakuja na aliposikia ni kwa ajili ya karatasi ya mwalimu wa chafya akakumbuka ana mgonjwa. Nilikwenda kwa Madam nikamwomba amwandike Amoit hivyo hivyo. Akanionyesha kwenye kompyuta mahali panapodai namba ya cheti. Pasipojazwa, mashine haiendi mbele. Hapo, dada, hata mimi sikuwa na hadithi. Mashine haina mtu wa kumchekesha. Siku ya mwisho ikapita.

Madam akapata mwalimu mpya, kijana wa Butula aliyesoma, na mimi nikarudi getini. Hakunifukuza. Alisema geti nalilinda vizuri. Nililirudisha haragwe mahali pake, lakini gundi iliacha alama kama ukoma upande huu, pale relini, na watoto wapya wakiuliza hapo palikuwa na nini, yule kijana hana jibu na mimi si mtu wa kuulizwa tena.

Amoit sasa anasoma ng'ambo. Wamemrudisha nyuma darasa moja. Asubuhi nikifungua geti, watoto wa kule ndio wanavuka kuja huku, wengi, na sare zetu na mandazi mikononi, maboda wamebeba watatu watatu. Yeye peke yake anakwenda upande ule, sare yake ya rangi nyingine, akipita katikati yao. Kwa wiki nyingi alipita akitazama mbele. Nikasema moyoni ana haki.

Jumatano iliyopita akasimama. Akanisalimia kwa Kiteso, "Yoga," nikamjibu. Daftari lake bado limefunikwa kwa gazeti. Nikamuuliza shule ya huko ikoje. Akasema ni sawa, wanasoma hata historia.

"Anko," akasema, "na huko wameniuliza baba wa babu yangu amezikwa wapi."

Nikamuuliza aliwaambia nini.

"Nimewaambia sijui."

Akaenda. Mtoto aliyeandika kurasa nne, dada. Aliyeniuliza Mzungu alisema nini.

Basi sasa unajua. Jumapili ijayo goti likikuruhusu, simama wakati wa matangazo useme Maghanga ni mlinzi wa geti, anafungua na kufunga, na mzima wa afya. Wasipopiga makofi usijali. Nawe usinionee huruma, kazi ya geti naijua na hakuna mbuzi aliyewahi kunipita.

Nisalimie shemeji, fundi wa baiskeli, mwambie ile pampu yake bado ninayo. Msalimie mama mdogo wa kule juu kwenye migomba, na yule mzee wa kanisa ambaye najua ndiye aliyeanza kupiga makofi. Mghoi, mwalimu wetu wa kweli, mwambie njia yake ilikuwa nzuri na watoto walileta vitu vizuri, aliyeharibu ni mpokeaji. Nimefunga pia omena, wale dagaa wa Sio Port, kwenye gazeti. Dereva anayeleta barua hii anashuka Voi, atamwachia yule mama wa kibanda cha chai. Osha vizuri, ina mchanga.

Na jambo moja la mwisho. Miaka yote hii nimewaambia watu babu yetu alishika kamba huku. Wewe ulikuwa mkubwa alipofariki, mimi nilikuwa mgongoni. Niandikie alilala wapi hasa, na alikuwa anafanya kazi gani. Kama hakuwahi kuvuka hata Voi, andika hivyo hivyo. Sitalibandika ukutani.

Mimi mdogo wako wa getini,
Maghanga